Hewa Iliyoingia Pasipo Tone Kutoka: Uchambuzi wa Kisa cha Kichomeo cha Mafuta cha Nyumbani

Alfajiri ya Jumatano, tarehe 25 Januari 2023, tanuri la mafuta linalopasha joto nyumba yetu mjini Lewiston, katika jimbo la Maine nchini Marekani, liliwaka kwa kishindo kilichotikisa milango, likatapika masizi kupitia kilango cha bomba la moshi, na haukupita muda ukungu mweusi ukawa umepanda ngazi za chumba cha chini hadi sebuleni. Hakuna aliyeumia. Mke wangu, Mama Neema, alizima swichi nyekundu iliyopo juu ya ngazi hizo, akawatoa watoto nje wakiwa wamejifunga mablanketi, kisha akafungua madirisha. Mimi nilikuwa kazini zamu ya usiku. Chanzo cha yote hayo kilikuwa washa moja, kile kijiduara cha kuzibia chini ya kichwa cha bolti, isiyozidi ukubwa wa ukucha wa kidole cha mwisho, ambayo mimi mwenyewe sikuibadilisha miezi mitatu kabla, siku nilipokifanyia kichomeo, yaani sehemu ya tanuri inayochoma mafuta, huduma ya mwaka.

Nakiandika kisa hiki kwa ukamilifu kwa sababu Wakongomani, Warundi, Wanyarwanda na Watanzania wengi waliohamia Lewiston na Portland wanaishi katika nyumba kama yangu. Wakati wa kisa hiki zaidi ya nusu ya nyumba za Maine zilipashwa joto kwa mafuta, kiwango ambacho hakuna jimbo jingine la Marekani lililokifikia, na wengi wetu hatukukulia kando ya chombo hiki. Mimi nilikuwa na nafuu kidogo, kwa kuwa nilifanya kazi ya malori ya dizeli Morogoro kwa miaka kadhaa kabla ya kuja huku, na nafuu hiyo ndiyo iliyonipa ujasiri wa kukifungua kichomeo kwa mikono yangu.

Kwa aliyewahi kushika injini ya dizeli, kichomeo si kigeni sana. Mafuta yenyewe, ambayo hapa hutiwa rangi nyekundu ili yatofautishwe na dizeli ya barabarani inayotozwa kodi, ni ndugu wa karibu wa dizeli. Mota moja huzungusha feni na pampu kwa pamoja, mizunguko ipatayo 3,450 kwa dakika. Pampu huvuta mafuta kutoka kwenye tangi na kuyasukuma kwenye nozeli kwa shinikizo la pauni 100 kwa kila inchi ya mraba katika vichomeo vya zamani kama changu, au 140 na zaidi katika vingi vya siku hizi. Nozeli huyapasua mafuta yakawa ukungu, transfoma hurusha cheche ya volti 10,000 baina ya ncha mbili za chuma, feni huleta hewa, na mwali huwaka ndani ya chumba cha mwako. Kuna jicho dogo linalotazama mwali huo. Gizani ukinzani wake wa umeme ni maelfu mengi ya omu, na likiona mwali mzuri hushuka hadi mamia kadhaa tu. Mwali usipoonekana ndani ya muda uliowekwa, ambao kwa kisanduku changu cha udhibiti ni sekunde 45 na kwa vingi vya kisasa ni 15, kisanduku hukata umeme wa mota na kujifunga, wala hakifunguki mpaka mtu abonyeze kitufe chekundu.

Mpangilio wa mafuta nyumbani kwangu una jambo moja ambalo msomaji analihitaji ili aufuate uchambuzi huu. Tangi ni la galoni 275, yaani lita 1,041, na limesimama katika chumba cha chini. Nyumba nyingi huyachukua mafuta kupitia tundu lililo chini ya tangi, hivyo yanateremka yenyewe kuelekea kwenye pampu. Kwangu mrija wa shaba unaingia kwa juu na kuzama hadi karibu na sakafu ya tangi, na chujio limefungwa huko huko juu, kiasi cha sentimita 15 kupita mgongo wa tangi, kabla mrija haujatambaa ukutani na kushuka hadi kwenye kichomeo. Kutoka kwenye chujio hadi kwenye pampu ni mita 6. Mrija ni mmoja tu. Hakuna wa pili wa kuyarudisha mafuta yaliyozidi kwenye tangi. Pale penye mirija miwili, hewa ikiingia hurudishwa tangini pamoja na mafuta. Penye mrija mmoja, hewa iliyokwisha kuingia haina njia nyingine ya kutoka ila kupitia kwenye nozeli.

Mwaka 2022 bei ya mafuta ya kupashia joto hapa Maine ilipita dola 5 kwa galoni. Bei hiyo ilinifanya nichukue hatua tatu, na kila moja ilikuwa na sababu nzuri ikitazamwa peke yake. Kwanza, sikumwita fundi wa huduma ya mwaka, nikaifanya mwenyewe. Pili, nilijitoa katika mpango wa kuletewa mafuta kila tangi linapokaribia nusu, nikachagua kupiga simu mwenyewe pale ninapoona bei imeshuka, jambo lililomaanisha kwamba kwa mara ya kwanza tangu tununue nyumba tangi lingeruhusiwa kushuka chini ya nusu. Tatu, katikati ya Januari, baada ya kukokotoa tulichotumia Desemba, niliipanga themostati, yaani kidhibiti cha joto, ishushe joto la nyumba kutoka nyuzi 20 hadi 15 saa nne usiku na kulirudisha saa kumi na moja alfajiri. Sikuona kwamba hatua hizi tatu zilikuwa zimeshikana mikono.

Huduma niliifanya Jumamosi, tarehe 15 Oktoba. Nilizima swichi, nikafunga valvu ya tangi, nikachomoa mkono wa nozeli, nikabadilisha nozeli. Nozeli ya zamani haisafishwi kwa sindano wala kwa waya, kwa sababu tundu lake ni jembamba kuliko jicho la kawaida linavyoweza kulipima, na mkwaruzo mmoja huuharibu mnyunyizo wote. Hutupwa ikawekwa mpya yenye namba zile zile. Namba hizo ni tatu: kiasi cha mafuta, pembe ya mnyunyizo na umbo lake. Yangu ni galoni 0.75 kwa saa, pembe ya nyuzi 80. Nilipanga ncha za cheche kwa kipimo cha kitabu cha kichomeo, zikiwa zimeachana milimita 4. Nilifuta jicho la mwali kwa kitambaa laini, nikavuta masizi kwa mashine ya kufyonza vumbi, nikabadilisha chujio.

Hapo kwenye chujio ndipo kosa lilipofanyika. Chujio hukaa ndani ya kopo la chuma lenye kifuniko, na bolti moja ndefu hupita katikati ya kifuniko ikilibana kopo kutoka juu. Pakiti ya chujio kipya huja na gasketi kubwa ya duara kwa ajili ya mdomo wa kopo, na washa ndogo kwa ajili ya kichwa cha ile bolti. Gasketi kubwa niliibadilisha. Washa ndogo ilibaki ndani ya karatasi ya pakiti, ikaenda jalalani pamoja nayo, na bolti nikaifunga juu ya washa iliyokwisha kukauka kwa miaka. Niliwasha kichomeo, nikatoa upepo kwenye pampu, yaani hewa iliyonaswa ndani yake, mwali ukawaka. Kisha nikafanya jambo ambalo kila fundi angelifanya: nilipitisha kidole kuzunguka kopo lote na kichwa cha bolti kutafuta unyevu. Kulikuwa kukavu kabisa, nami nikaamini kwamba pakavu ni pazima.

Tangi lilijazwa siku tano baadaye, likajazwa tena tarehe 12 Desemba lilipofika nusu. Kuanzia Novemba niliwahi kusikia mngurumo mfupi kichomeo kinapozima, kama koo linalosafishwa, na harufu hafifu ya mafuta katika chumba cha chini. Sikuyapa uzito.

Jumanne ya tarehe 17 Januari, saa kumi na moja na nusu alfajiri, tuliamka nyumba ikiwa baridi. Kitufe chekundu kilikuwa kimejitokeza. Nilibonyeza mara moja, kichomeo kikazunguka sekunde 45 bila mwali, kikajifunga. Wazo langu la kwanza lilikuwa nozeli, kwa kuwa ndiyo niliyoigusa mimi. Niliitoa, nikaweka nyingine mpya, nikatoa upepo kwenye pampu kwa sababu mkono wa nozeli ukichomolewa hewa huingia, nikabonyeza, kikawaka vizuri. Kwa kuwa nilikuwa bado na wasiwasi, niliiambia themostati ibaki nyuzi 20 usiku kucha kwa siku mbili. Hakukuwa na tatizo. Usiku wa tarehe 19 nikaurudisha mpango wa kushusha joto, na alfajiri ya tarehe 20 kichomeo kikawa kimejifunga tena.

Safari hii nilidhani ni maji. Unyevu wa hewa hugandama ndani ya tangi na maji hujikusanya chini, kwa kuwa ni mazito kuliko mafuta, na mrija unaonyonya karibu na sakafu huyakuta mapema. Nilipaka kijiti dawa inayobadilika rangi ikigusa maji, nikakizamisha hadi chini: rangi haikubadilika. Hata hivyo nilifungua pampu nikasafisha kichujio chake cha ndani, nikabadilisha gasketi ya kifuniko cha pampu, nikatoa upepo, kikawaka. Siku mbili nyingine za tahadhari kwa nyuzi 20, kila kitu kikaenda sawa. Mpango ukarudi, na alfajiri ya tarehe 23 kikajifunga. Nikasema ni jicho la mwali. Nililitoa na kulipima: gizani lilikuwa sawa. Kwa kuwa siku hiyo nilikuwa tayari ninayafungua mambo yote, nilitoa upepo tena kwenye pampu, kichomeo kikawaka, nikalipima jicho mbele ya mwali, likasoma omu 600 hivi, kipimo kizuri kabisa.

Katika siku hizo sita nilikitibu kichomeo mara tatu kwa dawa tatu tofauti, na kila dawa ilionekana kufaulu. Nozeli mpya ilifaulu, kusafisha pampu kulifaulu, hata kupima jicho, ambako si tiba ya chochote, kulifaulu. Nilipaswa kuuliza ni kitu gani kilichokuwapo katika matibabu yote matatu. Jibu ni kutoa upepo. Kila nilichokifanya kilimalizikia na kufungua valvu ndogo ya pampu, kuchomeka mpira mwangavu kwenye chupa, na kuyaacha mafuta yatoke hadi povu liishe. Mara zote tatu niliona povu, na mara zote tatu nilijiambia kwamba povu hilo ni la hewa niliyoiingiza mimi mwenyewe kwa kufungua vitu. Mara ya tatu maelezo hayo hayakuwa na msingi hata kidogo, kwa sababu jicho la mwali halina uhusiano wowote na mrija wa mafuta. Povu la tarehe 23 lilikuwa ushahidi uliokamilika, nami niliumwaga kwenye chupa bila kuusoma.

Tahadhari yangu nayo ilinipoteza. Zile siku mbili za kuiacha nyumba nyuzi 20 usiku, nilizozitumia kama kipindi cha kujiridhisha, ndizo hasa zilizokiondolea kichomeo hali iliyokuwa ikikiangusha.

Hali hiyo ilikuwa hivi. Dereva wa lori anayenyonya dizeli kwa mpira kutoka tangi moja kwenda jingine anajua kwamba mpira ukiwa na tundu pale unapopinda juu, hakuna tone litakalodondoka kupitia tundu hilo. Badala yake tundu litavuta hewa, na mkondo utakatika. Mafuta yaliyo ndani ya mpinde wa juu yananing'inia. Shinikizo lake ni dogo kuliko la hewa iliyo nje. Kopo langu la chujio limekaa kwenye mpinde kama huo. Tangi likijaa, mafuta hupandishwa sentimita 20 au 30 tu kufika kwenye chujio. Likiwa limebaki theluthi au robo, hupandishwa karibu mita nzima, na mvuto kwenye ile washa kavu huongezeka kwa kiasi hicho hicho. Ndiyo maana kidole changu hakikukuta unyevu tarehe 15 Oktoba. Tundu la upande wa mnyonyo halilowani. Kulitafuta kwa kidole ni sawa na kutafuta pancha ya mpira wa gari kwa kusubiri hewa iloweshe mkono.

Lakini mafuta kushuka katika tangi peke yake, kwa maoni yangu, kusingetosha. Kichomeo kinapowaka na kuzima kila baada ya dakika chache, hewa inayopenya ni kidogo, nayo husombwa kama mapovu madogo hadi kwenye nozeli. Hapo ndipo ulipotoka ule mngurumo wa Novemba, kwa kuwa hewa iliyobanwa ndani ya mkono wa nozeli hutanuka pampu inaposimama na kuyasukuma matone ya mwisho kwenye moto bila kuyapasua. Saa saba za mapumziko ni jambo jingine. Nyumba ilikuwa ikishuka polepole kutoka nyuzi 20, tanuri likiwa kimya tangu saa nne usiku, na muda huo wote hewa ilikuwa ikipenya chini ya kichwa cha bolti huku mafuta ya kopo yakirejea tangini kwa uzito wake. Kufika alfajiri kopo lilikuwa karibu tupu.

Kuna hesabu niliyoifanya baadaye, na nikiri kwamba ndiyo iliyoniondolea shaka kabisa. Mrija wa shaba wenye kipenyo cha nje cha inchi 3/8 una uwazi wa ndani wa karibu milimita 8, hivyo kila mita moja hubeba mililita 49 hivi za mafuta. Mita 6 ni mililita 294. Nozeli ya galoni 0.75 kwa saa hutumia lita 2.84 kwa saa, sawa na mililita 47 kwa dakika. Mafuta yaliyobaki kwenye mrija baada ya chujio yangetosha, basi, kwa dakika sita na ushei. Alfajiri ya tarehe 23 nilikuwa macho, nikiwa nimeketi kwenye ngazi kulisubiri tanuri, na niliandika nyuma ya bahasha: limewaka saa 11:00, limetikisika saa 11:06, limezima, limejaribu tena baada ya dakika moja hivi, limejifunga. Kichomeo kilichoziba nozeli au kilichokosa cheche hakiwaki vizuri dakika sita kisha kikafa. Dakika sita zilikuwa urefu wa mrija wangu.

Nilikuwa na bahasha hiyo mfukoni siku mbili kabla ya mlipuko.

Usiku wa tarehe 24 nilikwenda kazini nikiwa nimerudisha mpango wa themostati mapema kuliko nilivyozoea, kwa kuwa nilidhani jicho la mwali, baada ya kulifuta na kulipima, halitasumbua. Alfajiri mpwa wangu mwenye miaka 17, aliyekuwa ameamka kujiandaa kwa shule, aliona nyumba ni baridi. Alikuwa ameniona nikibonyeza kitufe chekundu na tanuri likawaka. Alinieleza baadaye, akiwa na majonzi, "Mjomba, nilibonyeza kama ulivyokuwa unabonyeza, nikasubiri, nikabonyeza tena." Alibonyeza mara sita. Simlaumu hata kidogo. Sikuwahi kumwambia yeyote nyumbani kitufe kile ni cha nini, na hilo ni kosa langu kubwa kuliko la washa.

Kitufe kile si swichi ya kuwashia. Kisanduku kimejifunga kwa sababu kimeona mafuta yakimwagwa bila kuwaka, na kila anayebonyeza anakiamuru kimwage tena. Kwa nozeli yangu, jaribio moja la sekunde 45 linaweza kumwaga hadi mililita 35 ndani ya chumba cha mwako. Mafuta yenye mapovu hayapasuki yakawa ukungu. Hudondoka na kutuama. Katika jaribio la sita pampu ilikuwa imekwisha kuivuta hewa yote na kuyafikia mafuta mazima, cheche ikayakuta, na yale yote yaliyokuwa yametuama, pamoja na mvuke wake uliojaa ndani, yakawaka kwa mkupuo. Visanduku vya kisasa hujifunga moja kwa moja baada ya majaribio matatu mfululizo na kumtaka fundi avifungue kwa utaratibu maalumu, na sasa ninaelewa kwa nini. Sheria ya nyumba yetu leo ni kubonyeza mara moja tu, na baada ya hapo swichi ya ngazi huzimwa na hakuna mjadala. Mtu anayeingia nyumba ngeni asijue kitufe kimekwisha kubonyezwa mara ngapi asikiguse kabisa.

Fundi mwenye leseni alikuja saa nne asubuhi. (Hapa Maine anayefanya kazi hii kwa malipo sharti awe na leseni.) Kabla hajafungua chochote aliniuliza maswali matatu: kinajifunga saa ngapi, kinawaka muda gani kabla ya kufa, na tangi lina kiasi gani. Nilimwonyesha bahasha. Akaufuata mrija kwa macho hadi juu ya tangi, akanyamaza kidogo, kisha akauliza ile washa ya bolti niliiweka lini. Hakuwa ameigusa bado.

Hata hivyo alithibitisha, na namna alivyothibitisha inastahili kuelezwa. Alifunga geji ya mvuto kwenye pampu, akafunga valvu ya tangi, akaiacha pampu ivute hadi inchi 10 za zebaki, akaizima. Mrija usiovuja hushikilia mvuto huo kwa dakika tano bila sindano kusogea. Wangu ulishuka hadi sifuri kabla ya dakika moja kwisha. Akaliondoa chujio, akaunganisha mrija moja kwa moja, akarudia: sindano ikatulia. Hapo ndipo alipofungua kopo. Washa ilikuwa imepasuka upande mmoja, ngumu kama ganda la nazi. Aliweka mpya, akalijaza kopo mafuta safi kabla ya kulifunga, akapima mara ya tatu, sindano haikusogea.

Saa tatu zilizofuata alizitumia kwa masizi. Aliondoa bomba la moshi, akasugua njia za moshi ndani ya tanuri, akanyonya mafuta yaliyotuama, akakagua kama kuta za chuma zinazotenganisha moshi na hewa ya nyumba zimepasuka kwa ule mshtuko, kwa sababu ufa mahali hapo huingiza kaboni monoksidi vyumbani. Hazikupasuka. Kisha akawasha na kupima mwako. Kwa pampu ya mkono alivuta moshi kupitia karatasi nyeupe mara kumi, akalilinganisha doa na kadi yenye ngazi kutoka 0 hadi 9: halikuonekana ila kivuli. Mvuto juu ya mwali ulikuwa inchi 0.02 za maji chini ya shinikizo la chumba, kaboni dioksidi asilimia 11.5, joto la moshi nyuzi 205. Huduma yangu ya Oktoba haikuwa na hata kimoja kati ya vipimo hivyo. Nilikuwa nimeupima mwali kwa kuutazama rangi, na mwali wa rangi nzuri unaweza kutoa moshi mbaya.

Kuhusu usafi wa nyumba nitasema kwa ufupi tu, maana ni kazi ya kuumiza. Masizi ya mafuta yana unato. Kitambaa chenye maji huyapaka ukutani yasitoke tena. Tulitumia sifongo kavu maalumu na mashine ya kufyonza yenye chujio laini, kuanzia darini kwenda chini, na mapazia tukayatupa.

Wenzangu wameniuliza kama nimeacha kujifanyia mwenyewe. Sikuacha yote. Chujio, gasketi zote mbili, kusafisha kwa juu na kukagua unyevu wa tangi ninaendelea kuvifanya, kwa kuwa ni kazi ambazo mwenye nyumba mwangalifu anaziweza, na nikimaliza ninayaangalia mafuta kupitia kipande cha mrija mwangavu, kwani macho huliona povu ambalo kidole hakilijui. Nozeli na vipimo vya mwako nimemwachia fundi kila Septemba. Kibadilisho kikubwa zaidi alikifanya yeye kwa ombi langu: alilihamisha chujio kutoka mgongoni mwa tangi hadi chini, karibu na kichomeo, ambako mafuta hulisukuma badala ya kulinyonya. Mahali hapo, washa mbovu itadondosha tone jekundu sakafuni, nami nitaliona.

Matengenezo hayo yalimalizika tarehe 30 Januari. Usiku wa tarehe 3 kuamkia 4 Februari baridi kali ilishuka Maine yote, ya aina inayopasua mabomba ya maji ya nyumba isiyo na moto kwa saa chache, na tanuri lilifanya kazi hadi asubuhi. Lakini usiku huo tangi lilikuwa limejaa na themostati haikushushwa, kwa hiyo haukuwa mtihani wa kweli. Mtihani niliungoja hadi Machi, geji ya tangi iliposoma robo. Niliushusha moto hadi nyuzi 15 saa nne usiku, nikashuka ngazi saa 10:50 alfajiri na saa ya mkononi, Mama Neema akakaa juu karibu na swichi nyekundu. Tanuri liliwaka saa 11:00. Saa 11:06 nilisimama. Saa 11:10 mwali ulikuwa haujatikisika, na saa 11:40 nyumba ilipofika nyuzi 20 kichomeo kilizima chenyewe, kimya, bila ule mngurumo.